Kibaba cha Mtu wa Kumi

Mkono wa Mwalimu Ansbert, ewe msomaji, bado umeshikwa. Tangu sehemu iliyopita ya kisa hiki juma zima limepita nao ukiwa kiganjani mwa Bi Mwanabaraka, pale juu ya meza ya mkutano, Temeke, mbele ya watu waliojaa uwanja mpaka wakapanda ukuta wa jirani. Neno alilotaka kulisema mama yule tulilikatiza mdomoni mwake. Sasa na aliseme.

"Mwalimu," alisema Bi Mwanabaraka, kwa sauti iliyowafikia hata wauza kashata kule nyuma, "sie wanawake wenye nyumba wa Temeke tumekula kiapo. Tumeshika msahafu, kila mmoja kwa mkono wake. Kura zetu zote tatu ni zako wewe peke yako. Hapati mwingine hata moja."

Vigelegele vilipanda. Ngoma ikalia. Mwalimu Ansbert alitabasamu kama atabasamuvyo mtu anayepewa kuku huku mtoaji amemkanyaga kidole. Machoni mwa watu alikuwa mshindi. Moyoni alihisi meza inadidimia ardhini pamoja naye.

Kwa nini adidimie mtu aliyeahidiwa kura? Hapo ndipo penye kisa chote.

Miaka mitatu Ansbert Kabyemera, mwalimu wa Chang'ombe, mzaliwa wa Bukoba, alikaa katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kuteuliwa na Gavana. Katika miaka hiyo alisimama kusema neno moja tu, nalo ni maji. Alitaka bomba lifike Temeke, ili akina mama waache kupanga ndoo alfajiri kwenye kisima kimoja chenye chumvi. Serikali ilimjibu kwamba jambo hilo linafikiriwa. Ilipokuwa ingali inalifikiria, muda wake ukamalizika.

Mwaka huu kiti hakitolewi tena kwa kuteuliwa. Kinaombwa kwa wapiga kura. Ansbert akirudi Barazani, bomba linarudi pamoja naye. Asiporudi, ataingia Gaspar, karani wa ghala wa zamani, mwenye suti ya kijivu na maduka mawili, ambaye amekwisha kutamka hadharani kwamba maji yanaweza kungoja. Kwanza ipite barabara ya lami, na ipite mbele ya maduka yake.

Na kura zenyewe, kama ujuavyo, ni tatu. Kila mpiga kura hupewa karatasi yenye mafungu matatu: la Mwafrika, la Mwasia na la Mzungu. Lazima achague mtu mmoja katika kila fungu. Akiacha fungu moja tupu, au akirundika alama zake zote kwa mtu mmoja, karatasi nzima hutupwa. Ndiyo maana Ansbert aliungana na Awadh, mwenye duka la Chang'ombe, aliyegombea kiti cha Waasia, na daktari wa Kizungu, Bi Hartley, anayewatibu watoto wa Temeke kifua. Kila mmoja alimwombea mwenzake kura.

Basi wanawake wale karibu arobaini, watu wake wa damu katika siasa, walikuwa wameapa kumpenda hata wamwangushe.

Mkutano ulipokwisha, Mwalimu hakwenda nyumbani. Alikwenda barazani kwa Bi Mwanabaraka, akifuatana na mkewe, Kokuberwa. Alisalimu kwa adabu, akaomba kijiti, akachora mraba mchangani, akaugawa mara tatu. Alieleza pole pole, kwa mpango uleule anaofundishia hesabu za sehemu. Wanawake walisimama wakimzunguka, kanga mabegani, wakitikisa vichwa.

Bi Mwanabaraka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole wa mtu aliyeanza kuogopa.

"Kwa hiyo mwanangu, nikikupa zote tatu, unapata ngapi?"

"Sipati hata moja, mama."

"Na nikimpa Awadh moja, na yule daktari moja?"

"Napata yangu, nzima."

Mama yule alikaa juu ya kigoda kwa kishindo. Alisema kwamba maneno yameeleweka, tena vizuri, ila yamechelewa. Kiapo chao hakikusema watampigia Mwalimu. Kilisema hawatampigia mtu mwingine yeyote. Sasa wakimpa Awadh alama moja, wamevunja; wasipompa, wamemwangusha Mwalimu. Wenzake waliitikia kwa kuguna. Hakuna aliyefanya mzaha, maana walioshika msahafu hawakuushika kwa mzaha.

Hapo Kokuberwa alisogea mbele. Yeye ni mtu wa maneno machache, na Mwalimu, baada ya miaka mingi ya ndoa, alikuwa amejifunza kuyaogopa machache hayo. Aliuliza ni nani aliyetoa shauri la kuapa.

Bi Mwanabaraka alijibu kwamba ni kijana mmoja mwenye adabu sana, aliyekuja siku ya ngoma yao, kofia ya pama mkononi. Alimsifu Mwalimu mpaka akatokwa na machozi. Akasema mapenzi bila kiapo ni maneno matupu.

"Kijana huyo," akauliza Kokuberwa, "ana jino la dhahabu?"

"Tena la mbele."

"Huyo ni Wilbert, Bi mkubwa. Ndiye anayemfanyia Gaspar kampeni."

Bi Mwanabaraka aliinuka, akaifunga upya kanga yake kiunoni, akatazama barabarani kama anayetafuta mtu wa kumkamata.

"Nami nikampa halua," alisema. "Halua niliyoiweka ya Sikukuu."

Siku ya kura ilikuwa Alhamisi. Jumatatu wanawake wote walikwenda Chang'ombe kwa Bi Khairiya, bibi wa asili ya Kiarabu, anayewasomesha Kurani akina mama wa pande zile tangu ujana wake. Mwalimu na mkewe walifuata nyuma, wakaketi karibu na mlango, kama wageni wanavyopaswa.

Tatizo lilijulikana kabla hawajavua viatu: Bi Khairiya ni shangazi yake Awadh. Mwanamke mmoja alinong'ona kwamba fatwa itakayotoka humo itatoka na kura ya mpwa wake mfukoni. Bi Khairiya ni mzee, lakini masikio yake hayajazeeka.

"Hata kama mngeapa kumpa Awadh zote tatu, jibu langu lingekuwa hilihili," alisema, akivaa miwani. "Aliyeapa, kisha akaona jambo jingine ni bora kuliko lile aliloapia, na alitende lililo bora, kisha atoe kafara ya kiapo chake."

Kafara yenyewe aliifafanua kituo kwa kituo. Kila aliyeapa awape chakula maskini kumi, kila maskini kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa mjini, yaani mchele. Maskini haohao kumi waweza kupokea kwa wanawake wote, lakini kila mwanamke atoe kwa mkono wake, katika mali yake. Tisa hawatoshi. Asiyejiweza kabisa, huyo ndiye atakayefunga siku tatu.

Palepale sauti ikatoka pembeni ikisema kwamba basi wao watafunga.

Bi Khairiya alimtazama msemaji juu ya miwani. Alimkumbusha kwamba ana nyumba ya vyumba sita na wapangaji wanaolipa kila mwezi. Amejiandikisha kupiga kura kwa sababu serikali imekiri kwamba ana kipato. Leo imekuwaje kwamba hajiwezi kwa vibaba kumi? Na akisema hajiwezi, na yule mwenye jino la dhahabu akasikia, kesho yake atakwenda kulifuta jina lake katika wapiga kura, naye atakuwa na haki.

Wanawake walicheka, hata msemaji mwenyewe. Bi Khairiya akaongeza kwamba kafara ya chakula yaweza kutolewa hata baada ya kupiga kura, hakuna ubaya. Lakini Bi Mwanabaraka alikataa.

"Nipige kura Alhamisi asubuhi, nife Alhamisi jioni, nikaulizwe kiapo kiko wapi? Mwanzo kafara, bibi. Kisha kura."

Wenzake wote wakasema vivyo hivyo. Na mwanamke wa Temeke akishasema vivyo hivyo, msomaji, hakuna Baraza la kutunga sheria litakalombadilisha.

Moyo wa Mwalimu Ansbert ulifunguka. Jambo lilikuwa na mpangilio: wanawake, maskini, vibaba, kura. Kwa furaha yake akafungua kinywa aseme kwamba mchele wote atauleta yeye. Alifika kwenye neno "mchele", na hapo kisigino cha Kokuberwa kikatua juu ya kidole chake cha mguu na kukaa hapo.

Alikumbuka. Msimamizi wa uchaguzi, Mwingereza ambaye watu wote humwita Bwana Shauri, aliwaita wagombea wote mwezi uliopita akawasomea onyo: mgombea yeyote, au mtu wake yeyote, akimpa mpiga kura chakula au kinywaji, jina la mgombea huyo linafutwa. Hakuna kuuliza ni wali au ni chai.

"Mchele," alimalizia Mwalimu, "ni chakula kizuri."

Bi Khairiya alimwangalia kwa huruma.

Kumbe onyo lile mtu mmoja alikuwa amelisahau kabisa. Jumanne asubuhi, Kokuberwa akiwa anafagia mbele ya nyumba yao, Temeke, aliona mkokoteni unakuja kutoka upande wa maduka, umesheheni magunia ya mchele, unasukumwa na watu wawili wanaoimba. Nyuma yake alitembea Awadh mwenyewe, kilemba kimekaa upande, uso umejaa ukarimu. Alikuwa amesikia habari za kiapo, akaona ni aibu kwake wanawake wa watu kutaabika kwa ajili ya kura ambazo mojawapo ni yake.

Kokuberwa alitazama mkokoteni. Kisha akatazama pembe ya barabara. Hapo, chini ya paa la kinyozi, palikuwa na baiskeli imeegemezwa, na juu ya baiskeli kofia ya pama.

Hakupiga kelele. Aliweka ufagio chini, akaenda kumpokea Awadh katikati ya barabara, akamwamkia, kisha akamwuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa kinyozi kwa nini ameleta mchele wa dukani kwake kuanika Temeke wakati Chang'ombe jua lipo. Awadh alishangaa. Alisema si wa kuanika, ni wa kuwapa... Hapo akaiona kofia.

"Nilidhani huku jua ni kali zaidi," alisema Awadh.

"Jua ni lilelile, kaka Awadh."

"Naona."

Mkokoteni ukageuzwa. Wasukumaji hawakuimba tena. Chini ya paa la kinyozi jino la dhahabu lilimeta kidogo, likafunikwa.

Mchele, basi, ukapatikana kwa wenyewe. Kila mwanamke alifungua pipa lake. Kilichokosekana ni maskini.

Hapa ndipo Mwalimu Ansbert alipopata somo ambalo chuo cha ualimu hakikumfundisha. Jumanne mchana kutwa alizunguka Temeke akiwa na Bi Mwanabaraka, akitafuta watu kumi wasiojiweza. Hakupata hata mmoja. Alibisha mlango wa mzee anayeishi chini ya makuti yanayovuja. Mzee akamshukuru, akamwelekeza nyumba ya pili, kwamba pale ndipo penye shida. Nyumba ya pili ikamwelekeza ya tatu. Ya tatu ikamrudisha ya kwanza. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchicha mkavu alimwuliza kama ameona nini kwake hata akamdhania maskini, na akamlazimisha anywe uji ili aone kwamba haukosekani. Mwalimu akaunywa. Ulikuwa hauna sukari, na palibaki kikombe kimoja tu sufuriani.

Jioni alirudi amechoka. Alimweleza mkewe kwamba kesho atawaita watu na kuwahoji mmoja mmoja: unapata kiasi gani, unakula mara ngapi, umeandikishwa au hukuandikishwa. Bila utaratibu, alisema, kazi haitakwenda.

"Baba Anastasia," alisema Kokuberwa, "mtu mzima haulizwi umaskini wake. Kesho kaa nyumbani usahihishe madaftari. Niachie mie na Bi Mwanabaraka."

Jumatano wanawake hao wawili walipita nyumba zilezile kwa maneno mengine kabisa. Hawakuuliza nani ni maskini. Walikaa, wakasalimu, wakasema kwamba wana mzigo shingoni, wamejifunga kwa kiapo, na wanamwomba mwenye nyumba awasaidie kujifungua: aje alasiri na kikapu chake, apokee vibaba vyao, awafanyie wema huo. Mtu anayeombwa wema hujisikia mkubwa. Mzee wa makuti alisema atakuja. Bibi wa mchicha alisema atakuja, kwa kuwa ni jambo la dini. Kabla ya adhuhuri walikuwa wametimia.

Mwalimu alifurahi mno. Alimsifu mkewe mbele ya watu, jambo ambalo walimu wa zama zake hawakulizoea. Na kwa kuwa alikuwa amekatazwa kuhoji, hakuhoji. Jambo hilo, msomaji, ulishike.

Alasiri ua wa Bi Mwanabaraka ulikuwa umefagiwa kwa mistari. Kwenye mkeka mrefu waliketi wazee kumi, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na kikapu chake mbele yake. Wanawake wenye nyumba walipanga mstari na mapipa ya mchele. Bi Mwanabaraka, kwa kuwa ndiye kiongozi, alianza. Alichota kibaba, akakisawazisha kwa kiganja, akatia nia kimya kimya, akamimina katika kikapu cha kwanza. Akaenda cha pili. Uso wake ulizidi kuwa mwepesi kwa kila kikapu. Alipomaliza cha tisa na kuchota cha mwisho, nje ikasikika Land Rover.

Waliingia watatu. Mbele Bwana Shauri, kaptula imenyooka, uso mwekundu kwa jua. Nyuma yake Gaspar na suti yake ya kijivu. Mwisho Wilbert, kofia mkononi.

"Shikamooni," alisema Gaspar kwa wazee, maana adabu anayo. Kisha akamgeukia mpinzani wake, akatikisa kichwa. "Mwalimu, nimehuzunika. Mtu mwenye elimu yako, unanunua kura kwa mchele. Tena kwa vibaba. Ningekuwa wewe ningenunua hata kwa gunia."

Kicheko kidogo kilitoka ukutani, ambako majirani walikuwa wamekwisha kupanda. Bwana Shauri hakucheka. Kwa Kiswahili chake cha mtihani, kila neno limesimama peke yake, alisema amepata malalamiko kwamba watu wa Mwalimu Ansbert wanawapa wapiga kura chakula siku moja kabla ya kura. Alitaka kujua kama ni kweli. Na kama ni kweli, jina la Mwalimu litafutwa jioni hiyo.

Mwalimu Ansbert alisimama. Alihisi utulivu ule ambao humshika mbele ya ubao. Alieleza habari ya kiapo, na ya kafara, na kwamba mchele ni wa wanawake wenyewe. Kisha akafika kwenye hoja yake, akaitua polepole.

"Bwana, kwa sheria ya serikali, mpiga kura ni mtu mwenye kipato. Kwa sheria ya kafara, anayepokea ni mtu asiye na kipato. Mtu mmoja hawezi kuwa vyote viwili. Akiwa ni mpiga kura, mchele huu si wake. Ukiwa ni wake, basi yeye si mpiga kura. Kwa hiyo katika mkeka huu hayumo mpiga kura hata mmoja, wala hawezi kuwamo."

Bwana Shauri alimwomba arudie. Mwalimu akarudia. Safari hii yule Mwingereza aliifuata hoja kwa kidole hewani, mpaka mwisho, kisha uso wake mwekundu ukapasuka kwa kicheko. Alisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajapata kusikia kosa la jinai likijikanusha lenyewe.

Ukuta mzima wa majirani ulishangilia. Gaspar alitazama viatu vyake. Wilbert alivaa kofia, akavua. Kokuberwa peke yake hakushangilia. Alikuwa akiutazama mkeka, na paji la uso lake lilikuwa limekunjamana kidogo.

"Hata hivyo," alisema Bwana Shauri, akipangusa macho, "kwa ajili ya utaratibu, nitawauliza mmoja mmoja."

"Ndiyo, bwana," alisema Mwalimu kwa furaha. "Utaratibu ni muhimu."

Alianzia mwanzo wa mkeka. Bibi wa mchicha alijibu kwamba walipokuja kuandikisha walimwuliza ana pauni ngapi, naye akawaambia ana kuku, wakaenda zao. Mzee wa makuti alisema yeye kura huisikia tu. Wa tatu hakuandikishwa. Wa nne hakuandikishwa, tena alitaka kujua kama ndiyo anaandikishwa sasa hivi. Ikaenda hivyo, huku majirani wakicheka, mpaka wa tisa.

Mtu wa kumi alikuwa Mzee Mwinyikondo. Kanzu yake ilikuwa imefuliwa mpaka imekuwa nyembamba kama karatasi, lakini ilipigwa pasi. Aliketi wima, bakora mapajani. Juu ya kikapu chake kitupu kilisimama kibaba mkononi mwa Bi Mwanabaraka, kimejaa, kimesawazishwa, kinangoja.

"Wewe, mzee? Umeandikishwa kupiga kura?"

"Naam," alisema Mzee Mwinyikondo. "Nimeandikishwa."

Kicheko kilikatika ukutani kama uzi.

"Kwa kipato gani?"

"Kipato sina. Mie nilikuwa jumbe. Zamani, kabla nyie hamjamleta jumbe mwingine. Waandikishaji walisema aliyepata kushika ujumbe kura anayo, hata kama hana kitu. Nikasema vema."

Mwalimu Ansbert alifumba macho. Alilifahamu fungu hilo la sheria. Mwenye kipato, au mwenye elimu, au aliyeshika madaraka: yeye mwenyewe aliwafundisha watu wazima maneno hayo, jioni baada ya jioni, akiyaandika ubaoni yote matatu, moja chini ya jingine, kwa chaki ya rangi. Leo, katika utamu wa hoja yake, alikumbuka la kwanza tu.

Gaspar aliinua macho kutoka kwenye viatu. Wilbert, ambaye naye hakuwa na habari, alitabasamu taratibu, na jino likatoka kama jua.

Kila mtu uani aliuona mtego, hata asiyejua kusoma. Bi Mwanabaraka akimimina, mpiga kura amepewa chakula mbele ya macho ya Bwana Shauri, na jina la Mwalimu linafutwa jioni hii. Bomba la Temeke linazikwa pamoja nalo. Asipomimina, waliopata ni tisa, na tisa hawatoshi. Kiapo kinabaki shingoni mwa wanawake wote, na kesho asubuhi karatasi zao karibu arobaini zitatupwa. Kumtafuta maskini mwingine? Ilichukua siku nzima kukosa mmoja, na nusu siku kuwabembeleza hawa. Jua lilikuwa limekwisha kuinama upande wa minazi.

Bwana Shauri alimgeukia Mwalimu. Sasa alikuwa hacheki.

"Mwalimu. Huyu ni maskini, au ni mpiga kura?"

Mwalimu Ansbert, ambaye miaka yote aliwafundisha watoto kwamba kila kitu kina fungu lake, alimtafutia mzee huyu fungu, asilipate. Alimtazama mkewe. Kokuberwa alikuwa amekwisha kupiga hatua mbele, kana kwamba amepata neno. Lakini mzee alimtangulia.

"Vyote viwili, bwana," alisema Mzee Mwinyikondo kwa heshima, akikisogeza kikapu chake mbele kidogo. "Na kwangu tangu asubuhi jiko halijawashwa."

Macho yote yakarudi kwa Bi Mwanabaraka. Alimwangalia mzee, akamwangalia Mwalimu. Kibaba kilikuwa kimemlemea, nao mkono ukainama kidogo. Ukingoni mwa kibaba mchele ulisogea, ukajikusanya, na punje ya kwanza ikaponyoka, ikaanza kushuka kuelekea kikapuni.